Sahani Ndogo Juu ya Kigoda

Tata,

Nimeandika neno hilo moja, nikainuka kwenda kuchungulia chungu ambacho hakijaanza hata kuchemka. Kwa miaka kumi na moja niliyokupikia sikuwahi kukuita kwa jina lolote. Nilikuwa nikisikia kikohozi chako njiani naingia migombani mpaka upite. Wanawake wenzangu walioolewa kule mjini siku hizi wanakaa sebuleni na baba wakwe zao, wanatazama taarifa ya habari pamoja. Sisi wa huku Lufingo hatukuuacha mwiko wa mkamwana na baba mkwe kutoonana, na sikuwahi kulalamika. Ila leo inabidi niseme na wewe, maana mwanao Lusajo ana sukari, na ananitia wazimu.

Alipimwa hospitali ya Makandana mwezi uliopita. Akarudi na karatasi ileile uliyorudi nayo wewe, yenye picha ya sahani: nusu mboga za majani, robo wanga, robo maharage au samaki. Ameikunja akaiweka juu ya kabati na hajaigusa tena. Nikimpimia ndizi anasukuma sahani. "Umeniona mtoto? Baba alikula ndizi zake kama mwanamume mpaka siku ya mwisho." Mtoto wa nyoka ni nyoka, Tata, unisamehe. Na sasa ana kidonda kwenye kidole cha mguu, wiki ya tatu hakifungi. Anakificha ndani ya buti anakwenda nacho kiwandani. Mimi nimekiona kwa sababu nafua soksi.

Ngoja nipunguze moto.

Unakumbuka nilivyoanza vibaya ulipougua wewe. Lusajo alinieleza ile karatasi nusunusu akawahi zamu, hivyo nikaenda Makandana mwenyewe kumuuliza muuguzi. Akanikunjia ngumi: ndizi zisizidi hapa, hazikukatazwa, ila zipimwe. Akaongeza jambo la pili, akalirudia mara mbili: dawa haimezwi halafu mtu akakaa na njaa. Ukimwona anatetemeka na jasho linamtoka, sukari imeshuka, mpe maji ya sukari maadamu anaweza kumeza, kisha ale. Nikarudi nimeshika yote kichwani. Nikachukua sahani yako kubwa, ileile niliyozoea kukujazia mbalaga ya ndizi mpaka inataka kumwagika, nikaweka vipande vitatu pembeni na mlima wa figiri. Nikaitua kwenye kigoda mlangoni pako, nikakohoa, nikaondoka.

Mkamwana gani huku kwetu anampelekea baba mkwe sahani kubwa yenye vipande vitatu? Hukuweza kuniuliza, nami sikuweza kukueleza. Ukamwambia Lusajo, "Mkeo ameanza kuninyima." Naye, badala ya kukufafanulia, akacheka.

Kesho yake ukasusa. Ulimeza dawa, chakula ukakiacha kwenye kigoda mpaka nzi wakakizoea. Nilikuwa uwanjani nachambua maharage, mlango wako uko wazi, nikaona mkono wako unatetemeka juu ya goti. Shati lilikuwa limelowa na siku ilikuwa ya baridi. Nikaita majirani. Ilikuwa siku ya kupeleka majani ya chai kituoni, kijiji kizima kimekwenda kupima. Nikaita tena. Nikakoroga sukari kwenye kikombe, nikafika mlangoni, nikasimama.

Nilisimama, Tata. Najua ninachopaswa kufanya, kikombe kiko mkononi, wewe unainama taratibu kuelekea chini, na mimi nimesimama kwa sababu ya mlango. Hilo ndilo linaloninyima utulivu mpaka leo. Kila nikikaa naliona, nainuka.

Halafu nikaingia. Nikakushika kichwa. Ukanitazama mara moja, ukafumba macho. Ulikunywa hivyohivyo umefumba, nikakulisha ndizi zilizopoa, kipande kimoja, kingine. Nilidhani ni ugonjwa. Lakini mtetemeko ukaisha, ukashika kikombe mwenyewe, ukakaa wima, na macho bado umeyafumba. Ndipo nikaelewa kwamba unanistahi. Nikatoka kinyumenyume.

Asubuhi nikakuta sahani ndogo ya bati juu ya kigoda, ile ya marehemu mama mkwe, yenye ukingo wa bluu. Umeiosha. Nililia palepale uwanjani. Kwenye sahani hiyo ndizi za ngumi moja zilijaa, zikawa na heshima yake, na kuanzia siku hiyo ilirudi tupu, hata figiri uliyokuwa ukiichukia. Mbele za wazee wenzako ulitamba kuwa karatasi ya hospitali umewashia kiko. Wakacheka, nikakuachia utani wako.

Ila utani huo ndio unaomla mwanao sasa. Nimonia ilipokuchukua mwaka uliofuata, Lusajo aliwaambia waombolezaji kwamba baba yake aliishinda karatasi. Nilikuwa napakua chakula, nikaendelea kupakua. Nikisema ulikula kwa kipimo, wataniuliza nimejuaje, mpaka tufike kwenye kikombe na mlango. Mashangazi wangeitisha kikao. Na Lusajo angeniona nimemvunjia baba yake heshima. Nimeogopa, sina neno lingine. Mficha uchi hazai, namwambia yeye kuhusu kidonda chake, na mimi je?

Ndizi zimeiva. Anatoka zamu saa tisa, na mvua imeanza, atakuja amelowa na hasira zake.

Sahani ya mama nimeiosha. Nitampakulia humo, na sitaitua nikakohoa nikaondoka. Nitakaa mbele yake nimwambie yote: kwamba baba yake alisusa kama yeye, kwamba nilichelewa mlangoni, kwamba niliingia nikamshika kichwa, na kwamba mzee yule mkaidi ndiye aliyeniwekea sahani ndogo kwa mkono wake mwenyewe. Akifoka, afoke. Kikao kikiitishwa nitakwenda. Lakini atakula kwanza, na kesho buti litavuliwa Makandana mbele ya muuguzi, nami nikiwa nimesimama palepale.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Nakushukuru kwa sahani. Nakuomba radhi kwa ule muda wa mlangoni.

Nasikia mlango wa uani. Lala salama, Tata. Nimeshatoka chumbani mwako, unaweza kufumbua macho.

Mkamwana wako,
Tusekile