Penalti ya Badibanga

Kamina

Yaya Mbelu, mkubwa wangu,

Natumaini bado una nguvu za kunigombeza. Huku mahindi yameiva, lakini timu yetu imeshuka kutoka ligi ya taifa. Katika mechi ya mwisho mwanangu Badibanga alikosa penalti, na uwanja wote ukamwimbia: "Mukasai, rudia kwenu!" Asili yetu ni Kasai, lakini yeye amezaliwa hapa Kamina! Jirani yetu Banza aliimba nao. Nikamshika shati. Akacheka: "Papa Badi, iko mpira tu." Mwaka wa 1992, walipotufukuza Wakasai huku Katanga na kutupakia kwenye mabehewa, walisema ni siasa tu.

Ulinikataza nisirudi huku, nikabisha. Sasa Badibanga anakuja kwako Mwene-Ditu, huko huko Kasai, kwa treni. Umpokee pale gare. Usimwulize habari za mpira.

Mimi nabaki, ila sijui tena nabishana na nani.

Mdogo wako,
Muamba