Mizizi Inayotaka Hewa

Jumanne, 4 Machi 2003

Nimenyunyizia okidi asubuhi, kama kawaida. Maji ya mvua tu. Ya bomba yana dawa, yanaiunguza. Mizizi ikawa kijani, ikakauka, ikarudia rangi yake ya kijivu. Mmea wenyewe haujai kiganja. Marehemu Esther aliubandua kwenye mti wa kahawa nyuma ya nyumba yetu, kule mjini Beni, vita vilipoingia, tukakimbia nao. Watu walibeba magodoro. Mke wangu alibeba ua.

Redio mbili nilizotengeneza ziko tayari mezani. Wenyewe hawajaja.

Ijumaa, 7 Machi

Kikonyo cha maua kinachungulia! Cha kwanza tangu nimzike Esther. Mwaka jana tulikaa mlangoni jioni tukinusa maua yake. Nataka kichanue. Sina kingine ninachokitaka hapa ukimbizini Namuwongo.

Jumamosi, 8 Machi

Kesho naenda Kawempe, matanga ya fundi mwenzangu. Nimemwomba jirani aiangalie okidi: Hajati Zamu, Mnubi, msuka vikapu. Baraza lake limejaa mimea kwenye makopo ya samli, yote imenona. Sina wasiwasi.

Jumatano, 19 Machi

Malaria ilinilaza Kawempe. Nimerudi leo. Hajati ameipanda okidi. Kwenye udongo! Kopo la samli, samadi ya ng'ombe, maji mpaka juu. Naye amesimama anatabasamu.

"Mzee, hii maua yako ilikuwa nateseka. Mizizi iko nje kama matumbo. Mimi nilizani huzuni imefanya wewe sahau udongo."

Nikamwambia amemuua mke wangu mara ya pili. Nilisema hivyo, uani, watu wakisikia. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeing'oa, nimeiosha. Mizizi mingi ni myeusi, inateleza kama ndizi iliyooza. Kikonyo kimedondoka. Basi, hakuna maua mwaka huu. Nimelia, redio nimeifungulia juu majirani wasinisikie.

Okidi hii haitaki udongo. Hushika gome la mti, mizizi ikapumua. Hilo najua. La kuiponya sijui. Esther ndiye aliyejua, mimi nilikuwa mchota maji tu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekumbuka. Alikuwa akikata palipooza kwa wembe uliopitishwa motoni, akapaka unga wa mdalasini, akaacha pakauke. Wembe ninao. Mdalasini sina, na kibandani hapa wana majani ya chai tu. Anayetia mdalasini kwenye chai ni mmoja. Harufu ya chai ya Hajati inapenya mabati mpaka kitandani kwangu.

Sikwenda. Kichwa ngumu, Esther angesema.

Jumamosi, 22 Machi

Jani jingine limegeuka njano. Nimekwenda kwa Hajati. Hodi ya kwanza, mlango haukufunguliwa. Ya pili, akatoka. Nikasema nimemkosea, anisamehe, nikamwomba mdalasini. Aliingia ndani. Alirudi na mdalasini kwenye kipande cha karatasi, akaketi barazani, akaushika mmea nikikata. Tukauacha ukauke, tukaufunga kwenye tawi la mti wa kahawa kwa utepe wa mgomba wa vikapu vyake.

"Na udongo, hapana kabisa?"

Hapana kabisa. Akatikisa kichwa. Nadhani bado haamini.

Jumapili, 6 Aprili

Majani yamesinyaa. Nanyunyizia, baada ya muda mfupi pamekauka tena. Bati linachoma mchana kutwa, na moshi wa kuchomelea redio umejaa chumbani. Esther alikuwa akisema ua hili hufuata unyevu wa mimea mingine. Kwangu mmea ni huo mmoja. Nyumba nzima hakuna kingine kinachopumua ila mimi, nami siisaidii kitu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeipeleka kwa Hajati. Imening'inia kivulini, katikati ya makopo yake. Nimemwomba asiiguse. Ameapa. Kurudi ndani, ukuta ule mtupu ukanichoma moyo.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua usiku, asubuhi shwari. Ncha ya mzizi mpya imetoka, ya kijani, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Hajati ndiye aliyeiona kwanza. Aliniita kwa kugonga bati.

Maua labda mwakani.

Kesho nitapita kunyunyizia. Amesema nikija kwa chai nije na kikombe, vyake vimebaki kimoja. Nitachukua cha Esther. Changu kina ufa.