Mlango wa Nyuma

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile? Ndaga, asante kwa barua yako. Mpunga wa Makwale umeshavunwa. Mama yako mdogo amerudi kwake Malawi, nami nimebaki na redio.

Unauliza utawezaje kuwa muuguzi wakati unaona aibu hata kunyoosha mkono darasani.

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha wauguzi, mama mmoja mwenye uchungu aligoma kuingia wodi ya wazazi. Alisimama nje, ameshikilia mgomba. Nilimwita kutoka mlangoni mara tatu.

"Mkaidi huyu," niliwaambia wanafunzi.

Tusekile, mwanafunzi ambaye sikuwa nimewahi kusikia sauti yake, alinivuta gauni. "Sista, yule mzee aliyekaa mlangoni ni baba mkwe wake."

Niliona haya. Mimi mzaliwa wa hapa, najua kwetu mke hakutani na baba mkwe, hata akiwa na uchungu. Lakini akili yangu ilikuwa kitabuni. Tusekile alikwisha kwenda kufungua mlango wa nyuma. Tulimwingiza yule mama, na mtoto akazaliwa hata kabla hatujamaliza kuvaa glavu.

Mzee alisikia kilio, akacheka kule mbele. "Huyo ana sauti kumshinda sista!"

Tangu siku ile, kila darasa jipya nilimtafuta kwanza yule anayenyamaza.

Ukija likizo, pitia mlango wa nyuma. Ndiko ninakokaa siku hizi, maana mbele hapiti mtu.

Bibi yako wa Bondeni