Nyumba yenye jiko kubwa

Angeline, acha chochote unachofanya usome hii. Nimetoka kwa kina Mulki sasa hivi na hasira imenikaba.

Leo kapteni wa timu ya skii ya chuo chao, yule Oliver, ametangaza watakaoenda milima ya Alps kwa mashindano ya msimu wa baridi. Mulki hayumo.

HAYUMO! Na Jumapili kwenye majaribio, pale kwenye mteremko wa plastiki wanaotumia badala ya theluji, alimshinda Oliver mwenyewe. Watu wote wakiona!

Ngoja, bado. Oliver akamshika bega: "Lakini utakuja na sisi. Tumekodi nyumba yenye jiko kubwa."

Jiko, Angeline. JIKO!

Ati awapikie. Na kosa lake ni nini? Siku ya kwanza ya mazoezi mamake alimfungia sambusa, maana kwa watu huingii mkono mtupu. Wakazipenda. Tangu hapo kila Jumatano anabeba. Mkono mtupu haulambwi, sawa, lakini hawa wameulamba mpaka kwenye kiwiko.

Mulki alivua helmeti, akachukua sambusa za leo kabla hawajazigusa, akapanda basi. Akagawia abiria wasiomjua mpaka Sparkhill, mtaani kwao. Haikubaki hata moja.

Kufika nyumbani, mamake akaona kontena ya sambusa iko tupu, akatabasamu. "Wamezipenda?"

"Sana, hooyo."

"Basi Jumatano ijayo nitaongeza."