Unene Anaojivunia Mama

Chumba cha nyuma, ghorofa ya juu
Jumapili alasiri

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji na watoto wazima? Kifua cha mama kimetulia, au bado kinambana? Mimi nipo, napumua, ingawa ngazi za hapa nazipanda kwa vituo.

Nimekukumbuka mno. Majirani wamejaa pande zote, lakini hakuna anayeniita dada kwa ile sauti yako ya kudeka.

Uliniambia mama ameitundika picha yangu sebuleni, na kila mgeni anaambiwa, "Mwoneni mwanangu, mji umemkubali!" Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Mdogo wangu, mwili huu si wa raha.

Kiwandani tunashona sare tangu alfajiri mpaka giza liingie, na huinuki kwenye cherehani bila ruhusa ya msimamizi. Mchana tunakula kinachouzwa getini: viazi vya kukaanga, mkate mweupe na soda. Vinashibisha upesi, na mfuko unavimudu. Samaki na matunda tunasalimiana kwa mbali tu. Mke wa tajiri wetu, mwenye mpishi na mwalimu wa mazoezi, ni mwembamba kama sindano. Ningekuwa kwetu ningemwonea huruma.

Mwezi uliopita nilianguka kazini. Zahanati wakakuta sukari imepanda. Muuguzi, mama mnene kama mimi, akaanza kunisomea:

"Punguza wanga. Kula mboga. Tembea kila asubuhi."

"Asubuhi ipi, dada? Natoka kukiwa giza, na mtaani kwetu taa hakuna."

Akauliza ni mtaa gani. Nilipomtajia, akaweka kalamu chini. "Hata mimi nakaa huko huko," akasema, na tukacheka mpaka wagonjwa wakachungulia.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ananigongea mlango, tunatembea pamoja mpaka sokoni. Soda nimeiacha, na dawa nameza. Sukari imeshuka kidogo, lakini bado ananikazia macho.

Nakuomba umweleze mama taratibu, akiwa na nafasi nzuri. Mwambie naumwa, na kwamba sikushiba starehe, nilishiba nilichokipata. Mimi mwenyewe kila nikimpigia, furaha yake hunifunga mdomo.

Wasalimie shemeji, shangazi, na binamu yetu seremala. Mwambie nasubiri bado kile kigoda alichoniahidi. Wabusu watoto. Mungu awafunike kwa rehema zake, na riziki isiwapungukie.

Nikipata likizo nakuja. Nataka tushuke bustanini kwa mama asubuhi, tuchume mboga zikiwa na umande, wewe unanimwagia umbea na mimi nahema nyuma yako. Usipunguze mwendo kwa kunihurumia. Nitakufikia.

Akupendaye daima,
Dada yako