Mgeni Anayesali Gizani

4 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Huko tambarare joto lenu bado linawakaanga? Mimi mzima, goti tu ndilo linaniletea jeuri likisikia mvua. Ng'ombe kazaa. Jirani yangu mshona viatu bado anakoroma mpaka ukuta wangu unatikisika.

Sasa kaa vizuri. Kuna mtu kaingia kwa njia ya mlimani. Kijana mrefu, anachechemea. Kapewa chumba cha wageni pale nyumba ya sala. Unatujua sisi, mgeni haulizwi shida yake mpaka asali na sisi, mwanga wa jua ukigusa ukuta wake. Basi huyu bwana anaamka giza totoro, anasali peke yake, anakunja kitambaa chake, kamaliza! Mwanga ukifika ukutani, sisi tumejaa ndani, yeye yuko nje anakunywa chai. Mshona viatu kauliza, "Anasali kwa nani saa hizo, na Mungu mwenyewe hajashuka bondeni?" Tulicheka, lakini cheko la meno tu.

Na hasemi! Anakaa kwenye benchi anatabasamu, kama anasubiri kitu. Tena anaitazama nyumba yangu. Nimeshaficha kuku. Kisimani nimewaambia wenzangu wafunge milango, na unajua neno likitoka kwangu halilali njaa.

Wewe unaishi nao hao watu wa tambarare. Ni watu wa namna gani? Mchukuzi wa chumvi anaondoka na barua hii sasa hivi, nijibu upesi.

Shangazi yako

11 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini.

Huyo ni mchumba wangu. Ameleta posa kwako, maana wewe ndiye uliyenilea. Sikukuandikia mapema kwa sababu nakujua: ungepata habari asubuhi, na mchana bonde zima lingeshanichagulia nguo za harusi. Nikamfundisha adabu za huko, asiseme shida yake mpaka aulizwe. Shangazi, anasubiri kuulizwa!

Habari ya mwanga ukutani nilisahau kumwambia. Huku jua halina pa kujificha, watu wanasali alfajiri na linatokea hapo hapo. Hajui kwamba kwenu mlima unalizuia mpaka ng'ombe wameshakamuliwa.

Muulize tu. Neno moja, kabla hawajamfanyia kitu.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi goti limekwisha kabisa, utajua kwa nini.

Barua yako imefika wameshamtoa jana yake. Hawakumpiga, walimsindikiza mpaka kule juu wakamwacha. Mimi nilipiga vigelegele. Nakwambia ukweli, nilivipiga sana.

Kumaliza kuisoma barua yako, nikavaa viatu vya marehemu mume wangu nikapanda mlima kukiwa bado giza. Tangu nizaliwe sijafika kule, si tuliambiwa upepo wake unakula maombi? Nikafika nahema kama mfua vyuma. Mwanangu! Nyuma yangu bonde jeusi kama ndani ya chungu, na huku mbele jua limejaa tele, limeshatoka zamani! Naye kakaa kwenye jiwe, mguu umemshinda, kitambaa kimeshakunjwa.

"Shikamoo, mama," akasema. Bado anasubiri kuulizwa, maskini.

Nikamwambia, "Mgeni, una shida gani?"

Akalia, mwanaume mzima. Halafu akaitoa posa yako, neno kwa neno kama ulivyomfundisha. Nimekubali. Lakini bado namchunguza, anacheka kidogo mno.

Basi nikamwacha apumzishe mguu, nikarudi mbio kisimani kuwaeleza: hakusali gizani yule, jua lilikuwa limeshatoka nyuma ya mlima, nimeliona kwa macho yangu! Wakatazamana. Wakabeba ndoo zao. Mzee wa nyumba ya sala kasema upepo wa kule umeniingia, nisiguse ukuta wa nyumba ya sala. Mshona viatu kafunga dirisha la upande wangu, na sasa hata kukoroma simsikii. Watoto wakiniona wanaitwa ndani.

Mimi! Nina habari kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na sina wa kumpa. Hata goti hawaniulizi.

Barua hii anakuletea mwenyewe mchumba wako. Ukijibu, nitajie na saa ya sala ya huko, niijue mapema. Maana nikishuka huko kwenu, mwanangu, kuna atakayeniuliza shida yangu?

Shangazi yako