Kazi ya Mkono wa Kulia

Mzumbe, Morogoro
Jumatatu, jioni

Mdogo wangu mpendwa Stefano,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, mkeo na watoto mkiwa na afya njema huko Tabora, na kwamba lile jino lililokusumbua wakati wa Kwaresima limekwisha kung'olewa, kwa maana nakujua kwa kuahirisha mambo. Sisi huku hatujambo. Masika yamekatika, ukungu umeondoka mlimani, na kabichi za Mgeta zimeanza kuteremshwa kwa wingi.

Utashangaa kwamba nimekuandikia karatasi nzima ilhali simu ninayo. Wewe simu huiweka kwa sauti ya juu mbele ya watu wote wa dukani kwako, nami nina jambo ambalo nataka ulisome ukiwa peke yako.

Unakumbuka kwamba mwaka jana niliteleza kwenye shamba letu la Mgeta, nikaangukia bega la kulia. Baada ya hapo mkono uliweza kushika kalamu na kijiko, lakini ulikataa kupanda juu ya kifua. Nilipokwenda kwenye zahanati moja niliambiwa kwamba kwa mtu wa umri wangu hilo ni la kawaida, nimeze vidonge na nishukuru kuwa wa kushoto upo. Nawe, usikatae, ulisema hivyohivyo kwenye simu, ukaongeza kwamba mwalimu mstaafu hana tena wa kumnyooshea kidole. Watu wa dukani walicheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu ipo kazi moja nyumbani kwangu inayotaka mikono miwili iliyoinuliwa, wala hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Tangu nilipoanguka ilikuwa imesimama. Shemeji yako Anastasia akaacha kwenda misa. Majirani walidhani kwamba ni baridi yabisi, kwa kuwa vidole na mabega yake yamekakamaa kwa miaka mingi. Nilijua sivyo. Kila Jumapili nilikwenda kanisani peke yangu, nikarudi nikamkuta ameketi jikoni, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi.

Ndipo binti yetu Magdalena alipopata habari za daktari bingwa wa upasuaji wa bega na kiwiko aliyehamia hospitali moja ya mjini. Anaitwa Daktari Salma, mzaliwa wa Mkuyuni. Nilikwenda kwa shingo upande. Nilitarajia mtu wa haraka. Nikamkuta mama wa makamo, mwenye ushungi, aliyeniamkia shikamoo, akavuta kigoda na kuketi chini kuliko mimi. Kabla hajanigusa aliomba ruhusa. Alinitaka nifikishe mkono mgongoni, kisha kisogoni, na niliposhindwa hakunisaidia upesi wala hakunihurumia. Alinionyesha picha za bega, akanieleza kwamba kano zimechanika, kwamba zinaweza kushonwa, na kwamba kazi ngumu itakuwa yangu wala si yake. Kisha akaniuliza ninautaka mkono huo kwa kazi gani.

Nilimjibu kwamba nautaka kwa kuandika ubaoni. Akaniuliza nimestaafu lini. Nikamwambia, miaka minane iliyopita. Akaniuliza sasa namfundisha nani. Niliigeuzageuza kofia yangu magotini. Hapo akasema, kwa adabu zote, “Mwalimu, hilo ni jibu la mtihani. Nenda nyumbani, urudi wiki ijayo na jibu la kweli.”

Stefano, kwa muda wa miaka thelathini na saba nilikuwa nikiwarudishia watu kazi zao ili wakazifanye upya. Sikuwahi kurudishiwa yangu. Nilitoka mle nikiwa na hasira kiasi kwamba nilisahau kofia, na Magdalena alicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Wiki iliyofuata nilirudi. Nilimwambia kwamba kabla sijamjibu, naye anieleze sababu ya swali lake, maana bega ni bega. Hakuona vibaya. Alinisimulia habari za baba yake, Mzee Shabani, ambaye alikuwa akichuma karafuu huko Mkuyuni, akaanguka kutoka mtini na kuvunja kiwiko cha kulia. Walimfunga, mfupa ukaunga, wakamwambia amepona. Lakini kiwiko kilikauka kimenyooka, na mkono haukufika tena kinywani. Nyumbani alikula kwa mkono wa kushoto akiwa amewapa watoto mgongo, kwa kuwa aliona haya. Kwenye harusi, sinia ya pilau ilipowekwa na wanaume kuizunguka, yeye alisema kwamba ameshiba, akaenda kuketi nje. Daktari alikuwa mtoto, na aliyaona hayo mpaka baba yake alipofariki. Alisoma Dar es Salaam, akaongeza ubingwa nje ya nchi, na wenzake walipochagua moyo na ubongo, yeye alichagua kiwiko na bega.

“Mfupa wa baba uliunga,” aliniambia, “lakini yeye hakurudi kwenye sinia. Hakuna aliyemuuliza mkono ule ni wa nini.”

Basi nilimwambia jibu langu kwa sauti ya chini. Nitakuambia nawe kabla sijatia saini. Hakucheka. Aliniagiza kwamba siku ya kuanza mazoezi nilete chombo chenyewe cha kazi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Yaliyofuata yalikuwa marefu. Mkono ulifungwa shingoni, nikalala nimeketi, nikalishwa ugali na Magdalena kama kinda. Ulipofunguliwa nilianza kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo, nikiweka alama kwa chaki pale vilipokomea. Zipo siku alama ilishuka, nikaitupa chaki na kusema maneno ambayo sitayaandika. Daktari alikuja kwangu mwenyewe siku moja akitokea Mzinga, akakagua ukuta wa jikoni kama mkaguzi wa shule, akasema kwamba bado. Chombo nilichompelekea nikiwa nimekiviringisha katika gazeti aliniamuru nikishike kila asubuhi, nikiinue mpaka kisogoni, hata kama hakina la kufanya huko.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Chombo hicho ni chanuo.

Tangu mikono ya Anastasia ilipokakamaa, mimi ndiye niliyekuwa nikimchana na kumsuka. Ni mwaka wa sita. Mwanzoni alijaribu wasichana wa jirani, wakamvuta mpaka akatokwa na machozi, na Magdalena, namsema mwanangu mwenyewe, ana mkono mzito. Anastasia alinifundisha akiwa ameketi kwenye mkeka, mimi kwenye kiti nyuma yake, milango imefungwa. Najua msuko wa twende kilioni, najua mistari ya kwenda pembeni. Hukuambiwa, kwa kuwa sikutaka kusemwa dukani kwako. Naye alikataa katakata kusukwa na mwingine, na kichwa kisichosukwa alikataa kukipeleka mbele ya altare. Kwa hiyo bega langu lilipoanguka, lilianguka na Jumapili zake zote.

Juzi Jumamosi niliinua mikono yote miwili. Nilisuka mistari tisa, na wa mwisho umenyooka kuliko wa kwanza. Jana aliingia kanisani bila kitambaa. Baada ya misa, mama mmoja wa kwaya, Angelina, alimshika kichwa na kumuuliza mbele ya wanawake wote fundi wake anakaa wapi. Anastasia akajibu kwa sauti ambayo sikuisikia kwa mwaka mzima, “Fundi wangu huketi upande wa wanaume.”

Waligeuka wote. Angelina akauliza kama napokea wateja. Zamani ningetazama viatu vyangu. Jana niliinua mkono wa kulia, ukapita kifua, ukapita sikio, ukasimama wima juu ya kofia, nikauacha huko mpaka kila mtu alipouona.

Barua hii ukitaka isome dukani, tena kwa sauti. Msalimie mkeo na watoto, na uwaambie kwamba sisi sote huku tu wazima. Anastasia anakusalimu, ameketi mkekani, anasema nimalize kuandika kwa sababu mstari mmoja umelegea.

Wako katika Kristo, kaka yako,
Mwalimu Deogratias